Kutoka Mlango wa Kusini hadi Altareni

Mama alikuja Minnesota kwa ajili ya macho. Hospitali ya Tanga walikuwa wamemwambia ni presha ya macho, wakampa matone, akayatia kwa uaminifu, lakini dunia iliendelea kumfinyia pande zote mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Minneapolis na nafanya kazi katika maabara ya hospitali, mume wangu alikuwa mhasibu, na tulikuwa na apatimenti Richfield, upande ambao ndege zinapita chini mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Tukasema aje, madaktari wa huku watajua la kufanya.

Alipofika, majira ya joto yakiwa yanaisha, lile tundu lilikuwa limeshaziba. Alitofautisha mchana na usiku, basi.

Daktari alimpima asubuhi nzima, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye. Alisema mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo imekufa, na ikishakufa hairudi. Nilianza kumtafsiria Mama polepole, nikitafuta maneno laini.

"Nimemsikia," alinikata. "Kiingereza nimefundishwa na masista, usinipunguzie. Mshukuru, umwambie tumemaliza."

Kwenye gari nililia. Mama alikaa wima, mkoba mapajani, akaningoja nimalize.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatano, Mama."

"Kanisa gani linakuwa wazi Jumatano?"

Mimi na mume wangu tulikuwa tunasali na Waswahili wenzetu Brooklyn Park, katika ukumbi wa kukodi. Mama tulikuwa tumeshampeleka. Nyimbo alizipenda, watu aliwapenda, lakini ukumbi ulimshinda. Viti vilikuwa vya kukunja, vinapangwa upya kila Jumapili. Wiki moja meza ya Bwana iko upande wa madirisha, wiki inayofuata iko karibu na jiko. Muda wote ilibidi ashike mkono wangu. "Ule si kanisa, ule ni uwanja," aliniambia tuliporudi. "Unamfaa mwenye macho."

Nikakumbuka kanisa dogo la mawe upande wa Saint Paul. Nilikuwa nalipita nikienda kwa rafiki yangu, na kwenye kibao chao nilisoma kwamba ni la Waepiskopali, ambao ndio Waanglikana wa huku. Lilikuwa na mnara mnene, mfupi, paa la mteremko mkali, madirisha membamba yaliyochongoka juu, na kuta zilizoegemewa na nguzo za mawe kwa nje kana kwamba kuna mtu aliyeogopa zisianguke. Sikuwa nimewahi kuingia. Nikageuza gari.

Mlango haukuwa mbele kama nilivyotarajia. Ulikuwa ubavuni, ndani ya kibaraza chenye paa lake, kama kijumba kidogo kilichobandikwa kwenye ukuta wa kanisa. Mama alipofika pale alinyoosha mkono, akagusa jiwe.

"Kuna benchi la mawe huku na huku?"

"Lipo, Mama."

"Jua liko wapi?"

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. "Linatupiga mgongoni."

"Basi huu ni mlango wa kusini. Niachie mkono."

"Mama, kuna ngazi..."

"Najua kuna ngazi. Niachie."

Akapanda. Akapapasa mbao za mlango mpaka akapata pete ya chuma, akaizungusha, mlango ukafunguka kabla mimi sijaelewa kwamba ile pete ndiyo kitasa. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya nta ya mishumaa. Mama aliingia hatua chache, akasimama, akapeleka mkono wa kushoto pembeni kama mtu anayetafuta swichi chumbani kwake mwenyewe, na mkono ukatua juu ya ukingo wa jiwe.

"Birika la ubatizo," alisema. Alilizunguka kwa viganja, pembe moja hadi nyingine. Kisha akageuka kulia, akapata mgongo wa benchi la mwisho, akapata njia ya katikati, akanyoosha kidole. "Altare iko kule."

Ilikuwa kule kule.

Nilimfuata nikiwa nimetanguliza mikono kama anayemkimbiza mtoto aliyeanza kutembea. Alikwenda akigusa ncha za mabenchi kwa vidole. Katikati alisimama, akakohoa kidogo, akasikiliza. "Paa halina dari. Kenchi ziko wazi." Nikaangalia juu: kweli, mbao nyeusi nzito zilikuwa zimepishana kama mbavu. Akaendelea. Mahali fulani akasimama tena, mguu mmoja mbele, unatafuta. "Tao," alisema. Juu ya kichwa chake lilikuwa tao kubwa la mawe linalotenga sehemu ya watu na sehemu ya kwaya. Nilimuuliza amelijuaje. Akasema sauti ya viatu vyake ilikuwa pana, sasa imebana.

Mama alisoma bweni la wasichana kwenye misheni ya kwetu, nje ya Muheza. Kanisa la pale lilijengwa na Waingereza kwa mawe, na wao walijenga lile walilolijua tangu utotoni, kanisa la kijijini kwao. Kila Jumamosi wasichana walilifagia na kulisugua, na alfajiri waliingia kusali kabla taa haijawashwa. Mlango waliuweka kusini kwa sababu kule Uingereza jua hupita upande wa kusini. "Na kwetu wakauweka kusini vilevile," Mama alisema, "ingawa jua letu halina habari na kusini." Mimi nilibatizwa katika kanisa hilo, nikakulia ndani yake, na sikujua hata mara moja kwamba lina mpangilio.

Bibi mmoja mzungu, mrefu, mwembamba, alitokea sakristia, chumba cha pembeni ya altare, amebeba chombo cha maua. Alikuwa amesimama akituangalia kwa muda.

"Amewahi kuja hapa?" aliniuliza.

"Hapana. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Lakini haoni."

"Haoni."

Aliweka maua chini. Alikuwa ndiye mwenye zamu ya kupamba kanisa na ndiye aliyewatembeza wageni waliokuja kulitazama. Alitueleza kwamba waliolijenga walikuwa watu waliohama na kuikumbuka Uingereza, na kwamba mchoro ulifuata kanisa la kijiji kimoja huko. Nilimwambia habari ya Muheza. Alimshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili, na Mama, ambaye hakupenda kushikwashikwa, alimwacha kidogo tu.

Njiani kurudi Mama alitoa uamuzi wake. "Jumapili nitakwenda kupokea komunyo mwenyewe. Wewe ubaki umekaa."

Jumapili ile tulikaa karibu na nyuma. Misa ilipoanza Mama aliinamisha sikio. "Huyo anayesoma ni mke wa padri?"

"Ndiye padri mwenyewe."

Dayosisi yetu haina padri mwanamke, na Mama hakuwa mtu wa mambo mapya. Aliendelea kusikiliza mpaka wimbo ukaisha. "Sauti yake inafika mpaka nyuma," alisema mwishowe. "Ya padri wetu haifiki."

Wakati wa komunyo ulipofika aliinuka. Alikwenda vizuri katikati ya watu, akapita chini ya tao, akaingia kwenye sehemu ya kwaya kama mtu anayetembea sebuleni. Kwetu, kutoka hapo mpaka kwenye reli ya altare, pale watu wanapopigia magoti kupokea, sakafu ni tambarare. Hapa kulikuwa na ngazi moja fupi katikati, na mimi mwenye macho sikuwa nimeiona. Mama alijikwaa akaanguka mbele, magoti na viganja, kwa kishindo kilichonyamazisha kinanda.

Nilisimama. Padri alishaanza kushuka na sahani mkononi.

"Kaa!" Mama alisema kwa Kiswahili, bila kugeuka, na kanisa zima likasikia. Sidhani kuna aliyehitaji tafsiri, maana hata padri alisimama alipo. Mama alipapasa ile ngazi kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine, akajua urefu wake na kimo chake, akainuka, akavuta kitenge chake sawasawa, akaenda mpaka kwenye reli, akapiga magoti na wengine.

Baadaye, kwenye kahawa, mume wangu alimwambia, "Pole, Mama, kwa kuanguka."

"Nani kaanguka? Nimepiga magoti mapema."

Usiku goti lake lilivimba nikalikanda kwa barafu. Hakulalamika, ila aliniuliza mara mbili kama nina hakika hakuna ngazi nyingine.

Msimu wa baridi ulitufungia ndani. Nje Mama hakuweza kutembea hata kwa kushikwa, barafu ilimtia hasira kuliko upofu. Mjini hapa kila mtu ana gari, na asiyeendesha anasubiri kuchukuliwa kama mzigo, na yeye alikuwa anasubiri kuliko sisi wote. Kwa hiyo siku zangu za mapumziko tulikwenda kanisani. Padri alitupa ruhusa, na bibi wa maua alituachia mlango wazi. Mama alitembea kutoka mlango wa kusini hadi altareni na kurudi, bila fimbo, mpaka akaacha kugusa mabenchi. Kazi yangu ilikuwa kumwambia yale ambayo mikono haikuyafikia.

"Dirisha la mashariki likoje?"

"Lina vioo vya rangi."

"Hilo hata mimi nalijua. Limegawanywa vipi?"

Ikabidi niangalie. Niliona kwamba nguzo nyembamba za jiwe zinapanda ndani ya dirisha, zikifika juu zinafunguka na kushikana kama matawi. Niliona kwamba kuta ni nene mpaka madirisha yamekaa ndani kama kwenye handaki, na mwanga unaingia umeinama. Niliona nyuso ndogo zilizochongwa pale mihimili ya paa inapokaa juu ya ukuta, moja imetoa ulimi. Mama alicheka aliposikia habari ya ulimi. Alisema fundi alikuwa amekasirishwa na mtu. Kazini nilishinda nimeinamia darubini siku nzima, nalipwa kwa kuangalia, lakini kuangalia jengo nilifundishwa na mtu asiyeona.

Majira ya kuchipua yalipofika, padri alitangaza kwamba kutakuwa na kikao. Kulikuwa na pendekezo la kulihamisha birika la ubatizo kutoka mlangoni na kuliweka mbele, karibu na tao, ili watu wote waone ubatizo.

"Pendekezo la nani?" Mama aliuliza.

Nilikuwa natumaini hatauliza. "La bibi wa maua."

"Huyo huyo?"

"Huyo huyo, Mama."

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha chini ya kanisa baada ya misa. Mama hakusubiri kupewa nafasi. Alisimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Waambie hivi. Birika liko mlangoni kwa sababu mtu anaingia katika kanisa kwa ubatizo, kama anavyoingia kwa mlango. Waliojenga hawakuwa wajinga. Mimi nikiingia nikaligusa, najua niko wapi. Wakiliondoa, pale mlangoni patabaki shimo."

Nilisema kwa Kiingereza kwamba mama yangu amelizoea birika mahali lilipo na angefurahi likibaki.

"Sikusema hivyo," Mama alisema, kisha akageuka kule ziliko sauti za watu na kuyasema yote mwenyewe, kwa Kiingereza cha masista, neno moja moja, limenyooshwa kama shuka la bweni. Alipofika kwenye shimo alilirudia.

Bibi wa maua aliinuka taratibu kutoka upande wa pili.

"Nimekaa benchi lilelile tangu nilipoolewa," alisema. "Watoto wangu na wajukuu wangu wote wamebatizwa humu. Kila mara tunaambiwa tugeuke nyuma, na nikigeuka naona migongo ya watu. Sijaona hata mtoto mmoja maji yakimgusa. Sasa shingo yangu haigeuki tena. Nampenda mama huyu, na ninalipenda jengo hili kuliko mtu yeyote hapa. Lakini nataka kuona mmoja kabla sijafa."

Mama aliinamisha kichwa. "Migongo tu?" aliuliza.

"Migongo tu."

Mama alikaa. Hakukubali, alikaa tu. Padri aliomba mikono. Walioinua kupinga walikuwa Mama, mimi, na mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa anapinga kila kitu. Pendekezo likapita.

Tulivuka mto kurudi Richfield. Mume wangu, aliyekuwa ametusubiri garini, aliwasha redio, nikaizima. Tulipokuwa tunakaribia nyumbani Mama alisema, "Wanalihamisha lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Badilishana na mwenzio."

Jumamosi ile mafundi walikuja na mnyororo wa kunyanyulia na magogo ya kuviringishia. Mama alikaa benchi la nyuma akisikiliza kila mlio. Birika lilipokwisha ondoka alikwenda pale lilipokuwa, akapiga magoti, akapapasa sakafu. Chini yake hapakuwa na vigae, palikuwa na saruji chakavu, na ukingo wa vigae ulizunguka pale kama ufizi baada ya jino kung'olewa. Alikaa hapo kitambo. Bibi wa maua alikuja akasimama karibu nasi.

"Mwambie afumbe macho," Mama aliniambia.

Nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Anataka mtembee pamoja mpaka altareni."

Bibi yule aliniangalia, akaona sitanii, akafumba macho. Mama alimpa mkono. Wakaondoka, mmoja mfupi mnene amevaa kitenge na sweta, mwingine mrefu kama mshumaa, na safari hii aliyeongoza alikuwa Mama. Mwanzoni bibi alicheka kwa woga. Baadaye akanyamaza, uso umekaza. Walipokaribia tao, pale mafundi walipoliweka birika juu ya vipande vya mbao kufuata mchoro, nyonga ya bibi ikagonga jiwe.

"Aa!" Akafumbua macho. Mama alikuwa ameshasimama, mkono wake juu ya ukingo wa birika, kama aliyelijua kitambo.

"Mwambie njia ni nyembamba," alisema Mama.

Haikuhitaji kutafsiriwa. Bibi aliangalia nafasi kati ya birika na benchi la kwanza, akajisugua nyonga. Kisha akawaambia mafundi wasubiri.

"Bibi, mchoro unasema hapa," mmoja wao alisema.

"Mchoro nimeuchora mimi," bibi alijibu.

Alikwenda sakristia akampigia padri simu, tukamsikia akibishana, akaitikia, akabishana tena. Alirudi amekunja mikono ya sweta. Birika lilisogezwa kuelekea ukutani, upande wa kaskazini, karibu na mguu wa tao. Mama akapita. Alisema bado. Likasogezwa tena kidogo. Akapita, akarudi, akapita, akarudi, mafundi wakamtazama kama waamuzi wa mpira wanaomsubiri mchezaji aliyeumia. Mpaka mchana ulipoingia ndipo aliposema, "Hapo." Bibi wa maua alijaribu naye, amefumba macho, na hakugonga kitu.

Kesho yake, Jumapili, Mama aliingia kwa mlango wa kusini kama kawaida. Mkono wa kushoto ulitoka wenyewe ukapita hewani, ukarudi. Alisimama kidogo pale. Kisha akageuka kulia, akapata benchi la mwisho, na misa ilipofika mahali pake akaenda altareni na kurudi bila kugusa chochote wala mtu yeyote. Niliendelea kukaa kama nilivyoagizwa.

Alirudi Tanga kabla theluji haijaanza tena. Uwanja wa ndege walimletea kiti cha magurudumu, akakikataa, wakaleta msimamizi, wakaelewana kwamba Mama ndiye atamshika msimamizi bega badala ya kushikwa. Kwetu Muheza, dada yangu aliniambia, anatoka nyumbani kwenda kanisani peke yake, na anayejaribu kumshika mkono njiani anaulizwa kama amechoka kutembea.

Mimi na mume wangu tuliendelea kwenda Saint Paul. Jumapili moja kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa familia kutoka Liberia. Bibi wa maua alikuwa benchi lake, shingo imenyooka, na mimi nilikuwa nyuma yake. Maji yalipomgusa yule mtoto usoni alikunja uso wote, akakodoa macho, akamtazama padri kwa mshangao mkubwa, na bibi akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kusikia mtu mzima akiitoa.

Jioni nilimpigia Mama simu.

"Uliona?" aliuliza.

"Niliona kila kitu, Mama. Uso mzima."

"Alilia?"

"Hakulia. Alishangaa tu."

"Na yule bibi?"

"Yeye ndiye aliyelia."

Nilisikia kuku wakigombana huko uani.

"Sawa," alisema Mama. "Lakini mlangoni wameacha shimo."